Chupa Mbili kwa Lita Tano

Pikipiki ile ilianguka tukiwa juu yake, baba na mimi, na haikupata hata mkwaruzo. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu kwa muda mrefu nilikuwa najisifia nalo. Nondo nilizochomelea pembeni ziligusa udongo kwanza, zikaibeba, na mguu mbovu wa baba ukabaki salama kwenye nafasi niliyomwachia makusudi. Kila nilichofunga ili kukilinda chombo kile kilifanya kazi yake. Nikikumbuka leo nakereka mpaka nashindwa kumaliza chai.

Ilikuwa pikipiki ndogo ya porini, tu-stroki ya zamani, ya aina waliyokuwa wakipewa mabwana shamba wakati baba alipokuwa kazini. Alipostaafu aliinunua mnadani ikiwa imechoka, akaifufua mwenyewe uani kwetu Mkuza. Kwa asiyeijua tu-stroki, injini yake haina oili inayokaa chini kama hizi za bodaboda. Oili yake inainywa pamoja na petroli. Zamani ilikuwa na kitangi kidogo cha oili na pampu ya kuichanganya, lakini pampu ilikufa na spea yake haikupatikana Kibaha wala Kariakoo. Baba akaing'oa, akaziba tundu kwa kipande cha bati, akawa anachanganya kwa mkono. Kipimo chake kilikuwa chupa ya dawa ya kikohozi, ile ndogo ya kahawia. Chupa mbili kwa lita tano. Ukipunguza unaua injini, ukizidisha plagi inachafuka. Chupa ilining'inia stoo kwenye msumari, imefungwa uzi shingoni, na waliojua kazi yake tulikuwa wawili tu, yeye na mimi.

Goti lake lilipoanza kukataa kupiga kiki, aliniita akanipa ufunguo. "Ilinde," alisema. Basi. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi, na mimi neno lile moja nililibeba kama amri ya jeshi.

Nafanya kazi duka la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo vipande vya nondo na bomba havinipigi chenga. Huko Sofu kuna fundi wa kuchomelea, mtu mwenye dharau lakini mkono wake hauna mpinzani, nikawa mteja wake wa kila Jumapili. Tulianza na nondo za pembeni. Kisha ngao ya chini ya injini, ya bati nene la pipa, maana barabara za kule Kurui, shambani kwetu, zina visiki vinavyokusubiri kwenye majani. Nikakata dumu la njano nikatengeneza vikinga mikono. Shokapu za mbele nikazivisha raba ya tyubu ya lori matope yasiingie. Mdomo wa kuvutia hewa nikaupandisha kwa kipande cha bomba mpaka chini ya kiti, ili tukivuka maji injini isiyanywe. Sproketi ya nyuma nikaweka kubwa zaidi, mwendo ukapungua lakini ikawa inapanda mlima na watu wawili bila kulalamika.

Fundi alikuwa akinicheka. "Wewe pikipiki unaijengea nyumba," aliniambia siku moja. Nikamjibu achomelee, maneno aniachie mimi. Kwa kweli nilifurahi. Nilitaka watu waone ninavyoitunza, na zaidi nilitaka aone mdogo wangu.

Mdogo wangu anaendesha bodaboda. Wakati huo alishaua pikipiki mbili za watu, moja kwa kukimbizana na mwenzake, nyingine kwa kumwazima kila mwenye shida. Ana mkono mwepesi wa kutoa na hana akili ya kuweka. Majirani wanampenda kuliko wanavyonipenda mimi, jambo ambalo sikuwahi kulimeza vizuri. Baba aliponipa ufunguo, yeye hakununa. Alikuja kuishangaa pikipiki uani, akaizunguka, akapapasa ngao ya chini, akasema, "Kaka, hii ngoma kali." Nikaiwasha ili kumringishia. Moshi wa buluu ukajaa ua mzima, akarudi nyuma akipunga mkono usoni.

"Mbona inafuka hivi? Inakunywa nini hii?"

Nilikuwa nimeshika chupa ya kikohozi mfukoni. Naikumbuka, ilikuwa bado na utelezi wa oili. Ningeweza kuitoa nikamwonyesha, ingenichukua dakika moja. Lakini nilijua akijua kuilisha, kesho yake ataiomba, na keshokutwa ataichukua bila kuomba.

"Inakunywa mafuta kama zote," nikamjibu. "Moshi ni uzee tu."

Nikarudisha chupa kwenye msumari, nikafunga stoo kwa kufuli, nikajiona mjanja.

Sasa nieleze habari ya shamba, kwa sababu bila shamba pikipiki ingebaki kuwa chuma tu. Kule Kurui tuna shamba la mikorosho alilorithi baba. Mwisho wake, upande wa kijito, kuna mikorosho saba ya zamani, na chini yake kaburi la mama yake, bibi yetu, tuliyemzika nikiwa na umri wa kubeba jembe. Mpaka wa upande ule ni minyaa iliyopandwa na babu. Mingi ilishakufa, vikabaki visiki vilivyomezwa na majani, na aliyejua kila kisiki kilipo ni baba peke yake. Alituonyesha mara moja tulipokuwa wadogo. Sisi tulikuwa tunaangua mabibo, hatukusikiliza.

Baba alikuwa na shida moja duniani, kuzikwa pale pembeni ya mama yake. Hakuificha. Alikuwa anaisema hata kwenye chakula, mpaka mama yetu akiwa hai alikuwa akimkemea. "Mkinizika hapa Mkuza kwenye makaburi ya watu nisiowajua," alituambia, "mtakuwa mmenitupa."

Msimu wa masika, Alhamisi jioni, mwenyekiti wa kitongoji kule Kurui alipiga simu. Wapimaji wa hati za kimila wangeanza kitongojini kwetu Jumamosi asubuhi. Utaratibu wao ni mwepesi. Kila mwenye shamba anasimama kwenye kona yake, jirani anasimama kwenye yake, wanakubaliana mbele ya kamati ya kijiji, wanatia sahihi. Asiyekuwepo, mpaka wake unaonyeshwa na jirani. Baba akamwomba wamsubiri. Mwenyekiti akasema hawamsubiri mtu, kitongoji kizima ni siku moja, na akaongeza kwa sauti ya chini kwamba jirani wa upande wa kijito ameanza kufyeka tangu juzi.

Ijumaa baba alikuwa na kliniki ya presha, hakuweza kuikosa. Magari yalikuwa yanaishia katikati kwa sababu ya matope. Mdogo wangu akajitolea kumpeleka mzee kwa bodaboda yake.

"Hiyo yako ya lami itamwangusha," nikamwambia mbele ya baba. "Ya kwangu imetengenezwa kwa kazi hiyo."

Na ilikuwa kweli. Baba akanitazama, akatikisa kichwa kukubali. Sikumbuki siku nyingine aliyowahi kunitazama vile, na raha niliyoisikia naona aibu kuieleza.

Ijumaa ile niliomba ruhusa kazini. Mchana nikachanganya mafuta, lita tano, chupa mbili, nikajaza tangi. Nikabadilisha plagi, nikakaza cheni, nikaosha sponji ya kuchuja hewa. Kilichobaki kilikuwa kiegemeo cha nyuma nilichomwagiza fundi, cha bomba lililokunjwa, chenye vishikio viwili, pamoja na pedeli ya kulia iliyoshushwa ili mguu wa baba ukae umenyooka. Pedeli tulishaifunga. Kiegemeo nikakifuata Sofu baada ya alasiri, nikaiacha pikipiki uani kwa sababu mdogo wangu alikuwepo na nilijua hataichukua mzee akimwona.

Niliporudi nilimkuta amekunja suruali, ameiosha mpaka inang'aa. Hata raba za shokapu alizifuta. Wenye bodaboda wana tabia hiyo, chombo hakiendi safari ndefu bila kuogeshwa. "Nimekuwekea sawa kila kitu, kaka," alisema huku anakamua tambara. "Mzee asafiri kwa raha." Nikadhani anasema kuosha. Nilitingisha pikipiki nikasikia tangi limejaa. Nikafunga kiegemeo, nikamshukuru kwa mdomo wa juu juu, nikaenda kuoga.

Tuliondoka mara baada ya sala ya alfajiri. Baba alikuwa amevaa koti lake la zamani la kazini, amejifunga kikoi juu ya suruali kwa ajili ya matope, na mfukoni ana karatasi ya shamba aliyoiacha babu, iliyochanika kwenye mikunjo. Kiegemeo kilimkaa vizuri. Tulikatiza mpaka Kisarawe mjini, tukaiacha lami, tukaingia barabara ya udongo. Kulikuwa na manyunyu. Nilichungulia kioo cha pembeni, nyuma yetu hakukuwa na moshi kabisa.

"Leo imetulia," baba alisema karibu na sikio langu. "Haifuki."

"Nimeihudumia vizuri, baba," nikamjibu.

Naomba msomaji anielewe hapo. Mtu aliyelelewa na tu-stroki, aliyefundishwa kwamba moshi wake ndio uzima wake, anatazama kioo, haoni moshi, anajisifu. Ningesimama pale pale nikafungua mfuniko wa tangi na kunusa, baba angefika. Lakini nilikuwa nimelewa sifa. Nikaongeza mwendo.

Tulivuka mabwawa matatu, maji yakafika kwenye ngao, injini haikukohoa. Tukamkuta jamaa na bodaboda yake imezama mpaka kiti, baba akampungia mkono kama mfalme. Kisha tukaanza kupanda mlima mrefu wa udongo mwekundu. Katikati ya mlima sauti ikabadilika, ikawa nyembamba, ikawa kama sufuria iliyosahaulika jikoni maji yakakauka. Kabla sijakamata klachi gurudumu la nyuma likajifunga, tukaserereka, tukalala ubavu.

Baba hakuumia. Nilimwinua, nikampangusa, nikamkalisha kwenye jiwe. Nikapiga kiki, haikushuka hata kidogo. Pistoni ilikuwa imeng'ang'ania. Injini imenoki, hata mtoto angejua. Nikafungua tangi nikanusa. Nilisikia petroli tupu, ile kali inayowasha pua. Nikatia kijiti, nikakitoa, kikakauka mara moja bila kuacha alama ya oili. Baba alikuwa ananitazama.

"Nani kaweka mafuta?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema mambo mawili. Nilisema moja.

"Mdogo wangu, baba. Jana nilimwacha nayo."

Baba akafumba macho. Aliitoa karatasi ya babu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Nikampigia simu mdogo wangu mbele yake, nikamfokea nikiwa nimesimama kwenye matope. Akanieleza huku anababaika. Alifungua tangi atazame kama mafuta yanatosha, akayaona yana rangi ya ajabu na yananata vidoleni. Akajua nimeuziwa mafuta ya kuchakachua. Kila mwendesha bodaboda ameshawahi kuuziwa hayo, na yeye yaliwahi kumuulia kabureta. Basi akayamwaga yote kwenye kichuguu cha mchwa nyuma ya choo, akaenda kituoni, akajaza petroli safi kwa hela yake ya siku ile. Hakuniambia kwa sababu hakutaka nimrudishie.

"Si ulisema inakunywa mafuta kama zote?" akaniuliza.

Nikakata simu. Baba alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, na simu yangu haina sauti kubwa. Sijui kama alisikia. Nimejiuliza miaka hii yote na bado sijui.

Tulikaa pale mpaka manyunyu yakakatika na jua likatoka. Nilijaribu kumbeba baba mgongoni kupanda mlima, akakataa, akatembea kwa fimbo, hatua kumi anapumzika, hatua kumi anapumzika. Hatimaye yule jamaa tuliyempita bwawani akatukuta, ameshajinasua, yeye na bodaboda yake ya lami iliyojaa matope. Akampakia baba. Aliendesha polepole, akiwa anashuka kila penye maji na kumvusha mzee kwa mkono. Mimi nikafuata kwa miguu. Kwa hiyo hata hilo nililolisema kuhusu pikipiki za lami lilikuwa uongo.

Nilifika shambani baada ya adhuhuri. Wapimaji walishapita na kwenda upande wa pili wa kitongoji kabla baba hajafika. Baba alikuwa amesimama kwenye mikorosho saba, na kigingi kipya chenye utepe kilikuwa upande wetu wa mikorosho ile, siyo upande wa kijito, kaburi likawa limebaki kwa jirani. Visiki vya minyaa vilikuwa vimeng'olewa, mashimo yamefukiwa, majani yamefyekwa safi. Jirani alisimama kwa mbali amekunja mikono. Alimwamkia baba kwa adabu zote, akasema kaburi litaheshimiwa, tukitaka kuja kuzuru tuje tu, tumpe taarifa. Kamati ilikuwa imeshatia sahihi. Tulilalamika kwa mwenyekiti, tukaambiwa twende baraza la kata, na barazani tukaambiwa tulete shahidi wa mpaka. Mashahidi wote wa mpaka ule walikuwa wamekufa, amebaki baba, na yeye ndiye mlalamikaji.

Jioni ya Jumamosi ile ya vigingi baba alikaa kwenye ukingo wa kaburi la mama yake akang'oa majani kwa vidole. Nikamwambia tutapambana. Akasema, "Siwezi kuomba ruhusa kwa mtu nije kulala kwa mama yangu." Alilisema kwa sauti ya kawaida, sauti ya kuagiza chumvi.

Tuliporudi Mkuza, mdogo wangu alikuja kumpigia magoti. "Shikamoo baba." Baba akaitikia marahaba, akageuza uso ukutani. Kuanzia siku hiyo mpaka mwisho alimpa marahaba tu, hakumpa neno la pili. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa anampeleka kliniki, anamnunulia samaki, anamwosha mguu ule mbovu. Mimi nilikuwa naletewa habari za shamba, naulizwa ushauri, naitwa mwanangu. Kila siku niliamka nikisema leo nitamwambia mzee. Nililipanga hata neno la kuanzia. Kisha nilimwona anavyonitazama, nikalimeza pamoja na chai. Na mdogo wangu, ambaye angeweza kulisema yeye, hakulisema. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine, na wakati mwingine linanifanya nimchukie, jambo ambalo najua ni ujinga.

Baba alifariki kabla ya masika mengine. Tulimzika Mkuza, kwenye makaburi ya watu asiowajua. Hatukwenda kumwomba jirani. Nilitaka, mdogo wangu akanikataza. "Alishasema hataki kuombewa ruhusa," aliniambia, na ilikuwa mara yake ya kwanza kunikatalia kitu.

Baada ya arobaini alikuja nyumbani na mfuko. Ndani kulikuwa na pistoni, ringi na gasketi, alizozitafuta sijui wapi. Hakunisalimia kwa mzaha kama zamani. Tuliishusha injini uani tukafanya kazi siku nzima, tukipeana spana. Ngao ya chini ilibidi tuilegeze, na nilipoitazama haikuwa hata na kibonyezo. Nondo zilikuwa nzima, vikinga mikono vizima. Nyuma ya choo, pale kwenye kichuguu, majani yalikuwa hayajaota tena.

Tulipomaliza alikwenda stoo mwenyewe. Akaitungua chupa ya kikohozi kwenye msumari, akaipangusa vumbi kwa shati lake, akanigeukia.

"Ngapi?"

"Mbili," nikasema. "Kwa lita tano."

Akasubiri. Alidhani kuna zaidi.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

Akaigeuza ile chupa mkononi. "Lakini mimi nilikuuliza, kaka."

"Uliniuliza," nikasema. Ndiyo mara pekee nililisema kwa sauti, na aliyepaswa kulisikia alishazikwa.

Akapima chupa mbili, akachanganya, akajaza, akapiga kiki. Ikawaka. Moshi wa buluu ukajaa ua. Nikamwambia aichukue, ni yake, azunguke nayo hata mtaani. Akaizima. Akafunga uzi wa chupa, akairudisha kwenye msumari, akanawa mikono na kuondoka kwa miguu.